Mgeni Akiuliza Aende Wapi Leo

Kila hoteli ya Mji Mkongwe ina karatasi yake. Iko juu ya meza ya mapokezi, pengine imefunikwa plastiki ngumu isichafuke, na mgeni akiuliza aende wapi leo husogezewa. Yaliyomo yanajulikana hata kabla hayajasomwa: mashamba ya viungo, makobe wa Changuu, pomboo wa Kizimkazi, kima punju wa Jozani, kutazama jua likitua juu ya jahazi, na usiku Forodhani. Anayemsogezea mgeni karatasi hiyo, zamu yake ikimalizika saa kumi na moja jioni, anavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, anapita Kikwajuni, anaingia Jang'ombe kwao. Njiani anakutana na mpira, kahawa, urojo, na siku za harusi huenda akapishana na beni limeziba njia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo kwenye karatasi.

Mimi ni mkaazi wa upande huo wa pili wa Mnazi Mmoja, na sina ugomvi na karatasi yenyewe. Changuu kuna makobe ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kuna jengo lililojengwa miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa gereza likaishia kuwa karantini. Mtu aliyekaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi kuja kwetu ana haki ya kuyaona. Ninachokilalamikia ni kwamba karatasi hutaja mahali ikanyamazia wakati, na Unguja mahali bila wakati wake ni nusu ya safari. Halafu nalalamikia namna orodha ilivyotungwa.

Tuseme wazi, maana sote tunajua. Anayempeleka mgeni shambani Kidichi au Kizimbani hupata chake. Mwenye boti humtoa aliyemletea abiria, mwenye duka la vinyago humkumbuka aliyeingiza mteja, na papasi aliyesimama mlangoni tangu asubuhi naye ana watoto. Sioni aibu katika hilo. Mshahara wa mapokezi haujengi nyumba. Lakini matokeo yake ni kwamba kinachotajwa ni kile kinacholipa kutajwa. Maji kupwa na kujaa hayatoi kamisheni. Mwezi hautoi. Kiwanja cha mpira hakitoi, na mama muuza urojo wa Jang'ombe hajawahi kuonana na meneja wa hoteli hata mmoja. Basi havitajwi, na mwaka 2024 wageni zaidi ya 700,000 walioingia Zanzibar wengi wao walizungushwa kwenye mduara ule ule.

Ulaya kazi hii ya kumwelekeza mgeni ina heshima yake na chama chake. Wanaoifanya katika hoteli kubwa huvaa funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola ya koti, alama ya Les Clefs d'Or, chama kilichoanzia Paris mwaka 1929. Anayezivaa anategemewa aujue mji kama mtu aliyekulia humo. Kwetu hilo halihitaji mafunzo. Kijana wa mapokezi kazaliwa hapa hapa, anakaa Jang'ombe, Mpendae, Magomeni au Amani, na anayajua yote nitakayoyataja. Hajaambiwa tu kwamba anayoyajua yana thamani pale mezani.

Nianze na bahari, kwa sababu huko ndiko wageni wengi wanakopotezewa siku. Mtu analipia gari mpaka Paje, pwani ya mashariki, anafika saa nne asubuhi na taulo begani. Kama ni siku za bamvu, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza umeandama, saa hiyo bahari imetoka na kwenda zake mpaka karibu na mwamba. Mbele yake ni mchanga, majani na madimbwi, na maji ya kuogelea yako mbali kiasi cha kumkatisha tamaa. Atarudi hotelini akisema kadanganywa, na kwa kweli kadanganywa. Lakini mgeni huyo huyo angeambiwa mapema kwamba saa nne ya bamvu ndiyo saa ya wakulima wa mwani, angevaa viatu vya maji akaingia kutazama. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989, na wengi wa wanaoulima ni wanawake. Maji yakitoka wanateremka na kamba zao, wanainama katika maji ya magotini, vigingi viwili na kamba katikati, kipande kimoja kimoja cha mwani kinafungwa kwa uzi mwembamba, mstari baada ya mstari. Mazungumzo hayakatiki, vicheko pia. Maji yakianza kurudi kila mtu anajua bila kuangalia saa, na viroba vinabebwa vikiwa vinachuruzika. Mgeni aliyetaka kuogelea angeelekezwa aende alasiri ya siku hiyo hiyo, au angengoja maji mafu, wakati bahari haitoki sana wala haijai sana. Au angepelekwa Nungwi na Kendwa, kaskazini, ambako unaweza kuoga karibu saa yoyote.

Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mvuvi wa Malindi analijua hilo bila karatasi, na jedwali la mwezi mzima linapatikana kwa mtu yeyote mwenye simu. Hata hivyo nimeona meza za mapokezi zenye maua, pipi, ramani ya rangi na kitabu cha sifa za hoteli, zisizo na jedwali la maji. Katika mji wa pwani! Hata Fungu la Nakupenda, ambalo kila mtalii analitaka kwa ajili ya picha, linatokeza maji yakitoka na kumezwa yakijaa. Nahodha ndiye anayemuokoa mgeni kwa kukataa kuondoka saa isiyofaa, na lawama zinamwangukia yeye.

Forodhani nako kumefungiwa kwenye usiku na mishkaki. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na chakula chake cha usiku kina wapenzi wake, ingawa mimi naona bei imekuwa ya kitalii na pweza amekuwa wa mpira. Ninachompa mgeni wangu ni jioni ya bamvu, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, maji yamejaa mpaka juu ya ukuta. Hapo ndipo vijana wanapojirusha. Wanajipanga nyuma kwenye sakafu, mmoja anakimbia, mguu wa mwisho unagusa ukingo, mwili unazunguka hewani mara moja au mara mbili, na maji yanawarukia mpaka waliokaa ukutani na vikombe vyao. Mwengine keshaanza kukimbia kabla wa kwanza hajaibuka. Watoto wadogo wanaangalia na kujaribu pembeni. Hakuna tiketi wala tangazo. Mgeni atakayekwenda saa hizo hizo wiki moja baadaye atakuta maji yamepungua na ukuta mtupu, na hatajua alichokosa.

Kuhusu pomboo wa Kizimkazi nitasema kwa ufupi. Boti kumi kumzunguka mnyama mmoja si matembezi. Ningekuwa mapokezi ningempeleka mgeni Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi ya Kikufi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, avue viatu, aombe ruhusa kwa anayeutunza, na asimame mbele ya jiwe lililochongwa miaka zaidi ya 900 iliyopita. Kuna daladala namba 326.

Mwezi hauongozi maji peke yake, unaongoza na mji. Meza nyingi za mapokezi huitaja Ramadhani kama onyo: usile njiani mchana, mikahawa mingi imefungwa, jisitiri. Yote hayo ni kweli na lazima yasemwe. Lakini mgeni anayeishia hapo anaona mwezi wa njaa na milango iliyofungwa. Mwambie baada ya alasiri atembee Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, aone watu wanavyogombania majimbi, muhogo na ndizi mbichi za kupika kwa nazi, tende, na tambi za futari. Mwambie magharibi ikikaribia arudi ndani, kwa sababu njia zitakuwa tupu kwa nusu saa na dereva hatampata. Kisha atoke tena baada ya tarawehe, avuke kuja huku kwetu. Usiku wa Ramadhani huku Ng'ambo, upande wetu wa mji, ndio mchana: wauza kahawa, watoto wenye mipira, dhumna zinagongwa mezani mpaka usiku mkubwa, kaimati zinatoka mafutani. Na akilala Jang'ombe, jambo ambalo wachache hulifanya, ataamshwa na vijana wa daku wanaopita na ngoma na madebe wakiita watu waamke wale. Hotelini Shangani, nyuma ya vioo viwili na kiyoyozi, hausikii kitu.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladia, kwa hiyo inazunguka misimu yote ya utalii. Mwaka 2026 imeanza Februari, ambao kwa miaka mingi ndio mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Mapokezi wanaotoa orodha ya matukio ya Februari bila kutazama mwandamo wa mwezi wanamtafutia mgeni fadhaa na wanajitafutia malalamiko.

Na Idd ndiyo inayowatesa watu wa mapokezi kuliko zote. Mgeni wa Ujerumani anataka tarehe. Hakuna tarehe, kuna mwezi, na taarifa ya kuonekana kwake hutolewa usiku, mji mzima ukiwa na sikio redioni na jicho kwenye simu. Jibu sahihi ni kumwambia: huenda kesho, huenda keshokutwa, kaa tayari. Kisha apewe alasiri ya Idd mosi Mnazi Mmoja. Watoto wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, waliogawanywa mwaka mzima na barabara na mitaa, wanakuwa kiwanja kimoja. Nguo mpya, viatu vinavyobana, pochi ndogo zenye noti za idi walizopewa na wajomba na mashangazi, bembea, miwani ya plastiki, askrimu, filimbi zisizonyamaza. Viwanja vya Kariakoo navyo hujaa. Hali inakuwa hivyo kwa siku nne. Anayetaka picha ya Zanzibar isiyopangwa na mtu ataipata hapo, mradi asimpige mtoto picha bila kumuuliza mama yake.

Mfungo Sita una maulidi. Ya Barzanji husomwa karibu kila mtaa, na mgeni mwenye adabu na kichwa kilichofunikwa hafukuzwi. Kuna na maulidi ya homu, ambayo si kila mtu hata hapa mjini kayaona: wanaume wa kanzu nyeupe na kofia wamepiga magoti safu moja, matari yanaanza polepole, na miili ile yote inayumba kulia, kushoto, mbele, kama imeunganishwa kwa uti wa mgongo mmoja. Ni ibada. Mtu wa mapokezi anayempeleka mgeni huko lazima amweleze kwanza kwamba haendi kwenye onesho.

Tukio moja la msimu ambalo hoteli zote hulitaja, na karibu zote hulitaja vibaya, ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Karatasi husema: Julai, watu wanapigana kwa migomba. Mgeni anakodishiwa gari, anafika, anapiga picha za vijana wa pande mbili wakitwangana kwa vikonyo vya migomba, anaona kibanda cha makuti kinachomwa moto, anarudi kula chakula cha mchana hotelini. Hapo keshaukosa Mwaka wenyewe. Hesabu ya Nairuzi inayoutawala ni ya siku 365 kamili bila siku ya ziada, ndiyo maana siku yake husogea taratibu ndani ya kalenda ya Miladia na siku hizi inaangukia wiki ya nne ya Julai. Kupigana ni kumaliza ya mwaka uliopita: aliye na kinyongo na mwenzake anakimalizia kiwanjani, na kikiisha kimekwisha. Moto wa kibanda huwashwa na mtu akiwamo ndani na hutoka mbio, na wazee huangalia moshi unakokwenda. Wanawake huzunguka kwa nyimbo, wamevaa walichokiweka akiba mwaka mzima, na ulimi wa nyimbo zile hauna huruma kwa mtu. Baadaye ndiyo sehemu kubwa: chakula. Nyumba isiyopata mgeni siku ile huona kama imepungukiwa. Kwa hiyo mtu wa mapokezi anayejua kazi yake hamwambii mgeni aende kuangalia. Anamtafutia nyumba. Kila hoteli mjini ina mfanyakazi mwenye shangazi Makunduchi, na shangazi huyo anapika kwa watu ishirini. Mgeni aende na sukari, mchele au kanga, akae mkekani, ale. Gari ya 310 inakwenda huko, na aondoke asubuhi mapema.

Matamasha makubwa hayana haja ya maneno mengi kwa sababu yanajitangaza yenyewe. Tamasha la filamu la ZIFF, tunaloliita la Nchi za Jahazi, lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa kawaida huwa katikati ya mwaka. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Yote mawili yamekulia Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani walipokwisha kuwatoa Wareno. Nitaongeza neno moja tu. Wageni wa matamasha hayo huondoka wakidhani muziki wa Zanzibar hutoka mara moja kwa mwaka, ilhali Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina nyumba yake Vuga, na Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905. Siku za mazoezi fidla na kanuni zinasikika mpaka njiani. Mgeni akibisha hodi kwa staha na akaacha chochote kwa kikundi, hakuna atakayemzuia kukaa.

Na kuna mambo ambayo karatasi ingepaswa kuyafuta na haijayafuta. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na tangu hapo limekuwa mikononi mwa mafundi. Nimeona karatasi zilizochapishwa baada ya hapo zinazomwelekeza mgeni apande ghorofa ya juu akatazame bandari.

Sasa Jang'ombe. Kutoka Shangani ni mwendo wa kiasi cha nusu saa kwa asiye na haraka. Njiani kuna Beit al-Amani, makumbusho ya kuba jeupe yaliyofunguliwa mwaka 1925, ambayo wengi hupita wakidhani ni msikiti. Mbele kidogo kuna uwanja wa Mao Zedong. Mtu wa mapokezi akigundua mgeni wake ni mpenzi wa mpira, na nusu ya wanaume wanaoingia hotelini ni wapenzi wa mpira, asimpe jahazi. Amuulize kuna mechi gani.

Mtaa wetu una timu mbili, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, na huo ndio ugonjwa wetu. Nyumba moja inaweza kuwa na baba wa huku na mtoto wa kule, na chakula cha usiku kikaliwa kimya. Januari 2017, katika Kombe la Mapinduzi, zote mbili ziliingia kundi moja na Simba ya Dar es Salaam. Fikiria mtaa mmoja, timu mbili, kundi moja, uwanja wa Amaan. Kombe hilo huchezwa kila Januari kuelekea sherehe za tarehe 12, na kwa mgeni wa mwezi huo ni burudani kubwa kuliko machweo yoyote. Lakini hata mechi ya kawaida ya ligi, jua la saa kumi, karanga za kukaanga kwenye karatasi, mzee mmoja anayemfundisha kocha kazi kutoka jukwaani dakika zote tisini, inatosha. Kiingilio ni kidogo kuliko bei ya soda ya hotelini.

Mechi ikimalizika, urojo. Unauzwa mahali pengi mjini, na kila mtaa huapa kuwa wake ndio wenyewe, nami naapa. Mama anakaa nyuma ya meza fupi, sufuria lake la uji mwembamba wa manjano liko motoni, umekolezwa ukwaju au embe mbichi mpaka harufu yake inakufanya umeze mate ukiwa bado njiani. Anachukua bakuli, anavunja kachori mbili kwa kijiko, viazi vya kuchemsha, bajia, mishkaki anaichomoa kijitini kwa kidole gumba, anamwagia upawa mmoja, kisha chatne ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba zipate kulialia mdomoni. Swali lake ni moja: pilipili kiasi gani? Mgeni aseme kidogo. Atakula amesimama, au amekaa kwenye ubao na watoto wa chuoni waliotoka na juzuu zao, na atalipa fedha ambayo hotelini haimpatii hata chai.

Baada ya hapo apelekwe barazani. Muuza kahawa anapita na birika lake la shaba lenye makaa chini, vikombe vinalizwa mkononi, kahawa chungu isiyo sukari, na kashata. Jang'ombe hapakosi baraza yenye bao au dhumna, na mgeni mwenye kujua kucheza hatahitaji lugha. Asiyejua akae aangalie, atafundishwa hata kama hakuomba. Siasa zitazungumzwa, na zikizungumzwa ni vyema asichangie.

Hapa naomba nieleweke. Siombi Jang'ombe iingizwe kwenye karatasi kwa wino mweusi, makundi ya watu thelathini yaanze kushushwa kwenye basi na mtu mwenye bendera. Tuliyaona hayo Mji Mkongwe, ulioandikishwa UNESCO mwaka 2000: nyumba zimekuwa hoteli, watu wamehamia Ng'ambo, na baraza nyingi zimebaki na vinyago badala ya wazee. Mgeni mmoja, wawili, watatu, anayekuja na mtu anayejulikana mtaani, huyo anatosha. Na yako mambo yasiyo ya mgeni kabisa. Unyago si wa mgeni, hata kama mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliufanya ujulikane dunia nzima. Msiba si wa mgeni. Harusi ni ya mwenye kadi. Beni likipita barabarani, na mapembe yake na matarumbeta yake, na wanawake wakilifuata kwa kucheza, mgeni asimame pembeni na afurahi, lakini asiingie ndani ya ua kwa kuwa tu mlango uko wazi. Mtu wa mapokezi aliyekulia kwetu anaujua mpaka huo bila kufundishwa. Wakala aliyeko nje ya nchi haujui.

Masika pia isionekane kama msimu uliokufa. Baadhi ya hoteli za pwani hufunga Aprili na Mei, mvua inanyesha kweli, na njia za Mji Mkongwe zinageuka mito. Lakini bei zimeshuka, mji umerudi kwa wenyewe, na mtu ana nafasi ya kukaa jikoni nusu siku akajifunza kukuna nazi, kutia tui la kwanza na la pili, na kuusubiri mkate wa kumimina uumuke. Kipupwe kikiingia, Juni mpaka Agosti, kusi linavuma, hewa ni ya kulala bila feni, na machungwa ya mashamba yanashuka mjini kwa magari. Wapenda embe na shokishoki waje Disemba, na doriani pia, ingawa hoteli nyingi hazimruhusu mgeni kupandisha doriani chumbani, na mimi naziunga mkono.

Kwa wenye hoteli na mameneja wao ninaomba mambo ambayo hayagharimu sana. Pale mezani wekeni jedwali la maji la mwezi, ratiba ya ligi, na kalenda yenye miezi ya Kiislamu pembeni ya ile ya Miladia. Mpeni kijana wa mapokezi ruhusa ya kumwambia mgeni jambo lisilo na kamisheni hata mara moja kwa siku, na mfidieni kidogo kwenye mshahara kile atakachokikosa. Na kwa wakaazi wenzangu wa Jang'ombe: kijana wetu akija na mgeni wake jioni, tumsogezee nafasi barazani, na urojo auziwe kwa bei tunayonunulia sisi.